Mkunga Anajibu: "Niliugua kifaduro utotoni, je, mwanangu amekingwa?"

Mwezi huu barua tatu zimenifikia kutoka sehemu tofauti, na zote zinauliza habari ya kifaduro. Nimekaa wodi ya wazazi na kliniki ya watoto miaka 34 kabla ya kustaafu, na ugonjwa huu nimeujua kazini na nyumbani kwangu, kwa hiyo nitazijibu zote hapa bila kufupisha panapohitaji maelezo.

Shikamoo Bi Mkunga. Nina mimba yangu ya kwanza, wiki ya 26. Mama yangu ananiambia kwamba nilipokuwa na miaka sita niliugua kifaduro nusura nife. Anasema aliyekwisha kukiugua hakimrudii tena, na watoto wake huzaliwa na kinga. Halafu kliniki nimeshachomwa sindano mbili za pepopunda. Je, nisiwe na wasiwasi mpaka mtoto afike umri wa chanjo?
*Mama mtarajiwa, Tanga*

Marahaba mwanangu, na hongera. Mama yako kasema jambo moja la kweli na jambo moja ambalo mimi pia niliwahi kuliamini, likanigharimu.

La kweli ni kwamba mama humpa mtoto kinga kabla hajazaliwa. Damu yako ina askari waitwao kingamwili. Askari hawa hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto. Huanza kupita kidogo kidogo mimba ikiwa changa, lakini wengi wao huvuka katika miezi mitatu ya mwisho, kiasi kwamba mtoto aliyetimiza miezi yake anaweza kuzaliwa akiwa na kingamwili nyingi kuliko alizo nazo mama mwenyewe. Ndiyo sababu mtoto njiti huanza maisha akiwa na akiba ndogo: katoka kabla mzigo haujamaliza kushushwa.

Lakini mama hutoa alichonacho. Kinga ya kifaduro haidumu maisha yote, hata kwa aliyeugua akapona. Baada ya miaka kadhaa hufifia, na mtu mzima anaweza kukipata tena. Wewe uliugua ukiwa na miaka sita; miaka mingi imepita. Kiasi kilichobaki katika damu yako leo huenda ni kidogo sana, na hicho kidogo ndicho utakachomgawia mtoto. Tena akizaliwa hakikai. Kila baada ya mwezi hivi, nusu ya kingamwili alizopewa huwa zimekwisha. Akianza na mia, mwezi wa kwanza ukiisha ana hamsini, wa pili ana ishirini na tano. Akianza na kumi, unaweza kuhesabu mwenyewe.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Nami niliugua kifaduro nikiwa mtoto, huko milimani Lushoto, na bibi yangu alikuwa akinisimulia jinsi nilivyokuwa nikikohoa mfululizo mpaka namtapikia kwenye khanga. Mwaka 1991 nikajifungua mtoto wangu wa tatu. Dada yake wa miaka saba alikuwa akikohoa tangu shule ilipofunguliwa, nami wiki moja kabla ya kujifungua nikaanza kukohoa. Homa sina, kifua hakibani, ni kikohozi tu cha usiku. Nikanywa tangawizi na limau. Nilikuwa muuguzi mwenye cheti, na haikunipitia akilini kabisa kwamba kile kinaweza kuwa kifaduro, maana nilijua mimi nilikwisha kukiugua.

Mtoto alipofika wiki ya nne akaanza kunyonya kwa kukatakata. Ananyonya, anaacha, ananyonya tena. Usiku wa Alhamisi akaachia titi, akatulia kimya, na nilipovuta kibatari karibu nikaona midomo yake imekuwa rangi ya zambarau. Hakukohoa. Hakutoa ule mlio wa kuvuta pumzi ambao kila mtu anaujua. Aliacha tu kupumua. Nikamgeuza, nikamsugua mgongo, akashtuka akavuta hewa. Tulilazwa siku kumi na moja, yeye kwenye oksijeni, mimi nikikamua maziwa na kumpitishia kwa mpira wa puani kidogo kidogo. Alipona. Leo ni fundi umeme, ana watoto wake wawili. Lakini kitanda cha jirani yetu pale wodini mama mmoja alirudi nyumbani mikono mitupu, na yule mtoto alikuwa hajatimiza wiki sita.

Ndiyo maana nakuomba uelewe hili vizuri: mtoto wa umri huo huenda asikohoe kama mtoto mkubwa. Mapafu yake na nguvu zake havimruhusu. Kwake kifaduro ni kushindwa kunyonya, kutapika, kubadilika rangi na kusimama pumzi.

Kuhusu sindano zako za pepopunda. Hizo umefanya vema kuzipata, na zinafanya kazi kwa njia hiyohiyo niliyokueleza: wewe unachomwa begani, kinga inavuka kondo, na mtoto anazaliwa akiwa salama na pepopunda ya kitovu. Tulipoanza kazi wakunga wa rika langu, pepopunda ya watoto wachanga tuliiona kwa macho yetu. Mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imeitokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Siku hizi ndani ya sindano hiyo kuna pia kinga ya dondakoo. Kifaduro hakimo. Akina mama wengi huona "sindano ya mjamzito" wakadhani inakinga kila kitu, na sisi wauguzi hatuwaelezi vya kutosha.

Ipo sindano yenye vyote vitatu, pepopunda, dondakoo na kifaduro, iliyotengenezwa kwa watu wazima, na nchi kadhaa huwapa wajawazito. Uingereza na Argentina walianza mwaka 2012, Afrika Kusini mwaka 2024. Katika ratiba ya kawaida ya kliniki zetu bado haimo. Natamani iingie, na nasema hivyo waziwazi kila nikipata mtu wa kunisikiliza, kwa sababu njia imeshajengwa: mama anakuja kliniki, mkono anautoa, sindano anachomwa. Kinachobadilika ni kilichomo kwenye chupa.

Kwako wewe, wakati huu, kazi ni kumzungushia mtoto watu wasiokohoa. Anza sasa hivi, usingoje uchungu. Yeyote nyumbani mwenye kikohozi aende akapimwe na kutibiwa kabla hujajifungua, wewe ukiwa wa kwanza ukianza kukohoa. Mnyonyeshe tangu saa ya kwanza, na yale maziwa ya mwanzo ya manjano usiyakamue ukayamwaga. Maziwa yana kinga yake, yanasaidia, lakini peke yake hayatoshi kuzuia kifaduro, kwa hiyo asikwambie mtu kwamba anayenyonya vizuri hahitaji chanjo. Na siku anapotimiza wiki sita, siku hiyo, uwe kwenye foleni ya penta, ile chanjo ya watoto ambayo kinga ya kifaduro imo. Nimeona kadi nyingi ambazo penta ya kwanza imeandikwa wiki ya tisa au ya kumi na mbili, kwa sababu ya mvua, msiba au safari ya kijijini. Ukumbuke ile hesabu ya nusu kwa nusu: wiki hizo za kuchelewa ndizo alizobaki hana chako wala cha kwake.

Shikamoo Bi Mkunga. Naishi Leicester, Uingereza, nina mimba ya wiki 21 ya mtoto wa pili. Mkunga wa hapa ananitaka nichanje tena kifaduro, na nilichanja mwaka 2022 nilipokuwa na mimba ya kwanza. Mimi na mume wangu tulichanjwa utotoni Zanzibar. Yote hayo hayatoshi? Nyumbani wananiambia nisikubali sindano za majaribio nikiwa na mimba.
*Mama wa mmoja, Leicester*

Marahaba. Kachanje, mwanangu, na usisubiri sana.

Ya mwaka 2022 ilikuwa ya yule wa kwanza. Baada ya sindano, kingamwili zako hupanda haraka ndani ya wiki mbili hivi, kisha huanza kushuka, na baada ya mwaka zimepungua sana. Kinachotakiwa si kwamba mama awe na rekodi ya kuchanjwa. Kinachotakiwa ni kingamwili ziwe nyingi katika damu yake wakati mlango wa kondo umefunguka. Kwa hiyo kila mimba ina sindano yake. Kwenu huko wanaitoa kuanzia wiki ya 16, na hupenda iwe imeshatolewa kabla ya wiki ya 32, ili mwili upate muda wa kuzitengeneza na kuzivusha.

Hao wanaosema ni majaribio wana hofu ya upendo, uwajibu kwa upole. Uingereza walianza mwaka 2012 kwa sababu ya msiba: mwaka huo walifariki watoto wachanga 14 kwa kifaduro, karibu wote wakiwa wadogo kuliko umri wa chanjo. Baadaye waliwafuatilia wanawake zaidi ya 20,000 waliochanjwa wakiwa wajawazito, na hawakuona kwamba sindano hiyo imeongeza watoto kuzaliwa wafu. Katika watoto wa miezi ya kwanza, chanjo ya mama ilizuia takriban wagonjwa 9 kati ya 10. Mwaka 2024 kifaduro kilipolipuka tena, baada ya idadi ya wajawazito wanaochanjwa kushuka, watoto wachanga 11 walifariki England. Utakachopata wewe, kwa kawaida, ni mkono kuuma siku mbili na uchovu kidogo.

Na chanjo zenu za utotoni, kinga yake imeshafifia, kama nilivyomweleza mwenzako wa Tanga. Liko na jambo jingine. Watafiti wa Marekani waliwachanja nyani kwa chanjo ya aina inayotumika sana huko Ulaya na Marekani, ile ya vipande vya kijidudu, kisha wakawaambukiza kifaduro. Nyani hawakuugua. Lakini vijidudu vilikaa kooni mwao kwa wiki kadhaa, na waliowekwa pamoja nao wakaambukizwa. Niliposoma habari ile nilimfikiria binti yangu wa miaka saba na mimi mwenyewe. Mtu anaweza kusimama juu ya kitanda cha mtoto akiwa mzima kabisa na bado akawa amebeba. Ndiyo maana kumchanja baba na bibi, ingawa kuna faida, hakuwezi kushika nafasi ya kumpa mtoto kinga iliyo ndani ya damu yake.

Mtoto akizaliwa, kwa ratiba ya huko atachanjwa akiwa na wiki 8, si 6 kama kwetu. Wiki mbili zaidi za kumlinda. Mkija Zanzibar kumwonyesha kwa babu na bibi, nakushauri mje akiwa ameshapata sindano zake tatu.

Shikamoo mama. Mimi ni baba wa mtoto wa wiki tatu, niko Morogoro. Mama mkwe wangu anatoka Same kuja kumwona mjukuu na atakaa mpaka arobaini. Kwenye simu namsikia anakohoa sana, na mke wangu anasema kikohozi hicho kina zaidi ya wiki mbili. Siwezi kumzuia mama mkwe. Pia jirani anasema tuwe na maziwa ya punda ndani, ndiyo dawa ya kifaduro. Nifanye nini?
*Baba mpya, Morogoro*

Marahaba baba. Umeuliza swali la mtu anayelala macho wazi, na nimefurahi limetoka kwa mwanamume.

Tuanze na arobaini. Wazee wetu waliomfungia mama na mtoto ndani siku arobaini hawakujua kijidudu wala kingamwili, lakini hebu hesabu. Arobaini ni siku 40. Wiki sita ni siku 42. Mtoto anatoka nje karibu siku ileile ambayo kliniki inamngoja kwa penta ya kwanza. Kwangu mimi hiyo ni mila ya kuilinda kwa nguvu zote. Tatizo ni kwamba siku hizi mtoto yuko ndani, lakini dunia nzima inaingia chumbani: wa kanisani, wa kikoba, wa kazini, kila mmoja ambeba, ambusu, apige naye picha. Mtoto kafungiwa pamoja na vikohozi vya mtaa mzima.

Mama mkwe wako usimwambie wewe. Unajua mwenyewe jinsi neno la mkwe lilivyo zito. Amwambie binti yake, au bora zaidi dada yake mwenyewe mama mkwe, kama yupo. Wala asiambiwe "usije." Aambiwe: "Mama, tunakungoja, na mtoto anakungoja. Kikohozi hicho kina zaidi ya wiki mbili. Tafadhali pita hospitali kwanza wakupime, tutakutumia nauli ya huko na ya huku." Kikohozi cha wiki mbili na zaidi hapa kwetu lazima kipimwe kifua kikuu pia, na hilo ni kwa ajili yake mwenyewe, si kwa ajili ya mtoto tu. Hakuna mama atakayeona ametukanwa kwa kutumiwa nauli ya kwenda kutibiwa.

Iwapo daktari ataona ni kifaduro, atampa dawa ya kuua vijidudu, mara nyingi azithromaisini. Baada ya siku tano za dawa hawezi tena kuambukiza, ingawa kikohozi chenyewe kinaweza kuendelea kwa wiki nyingi, kwa sababu sumu ya kijidudu imeshaharibu vinyweleo vya njia ya hewa, navyo vinahitaji muda kuota upya. Asiyetibiwa huambukiza mpaka wiki tatu hivi tangu kikohozi kianze, na siku za hatari zaidi ni zile za mwanzo, kinapofanana na mafua ya kawaida. Hapo ndipo watu wanapomzoea mgonjwa na kumpa mtoto ampakate.

Akija akiwa salama, mwache ampakate mjukuu wake mpaka achoke. Ana mengi ya kumfundisha mkeo.

Wageni wengine wapokeeni sebuleni. Mtoto yuko chumbani amelala. Maneno hayo yanatosha na hayamkwazi mtu. Watoto wadogo wa majirani ndio wa kuangaliwa zaidi, maana hao ndio wanaotoka shuleni na mafua, na hakuna anayewauliza.

Maziwa ya punda nimeyasikia tangu Lushoto, na bibi yangu aliyatafuta kwa ajili yangu. Hayatibu kifaduro. Na kwa mtoto wa wiki tatu ni hatari, sawa na asali, maji ya mchele na kila kitu kingine kisicho titi la mama yake. Jirani amekutakia mema; mshukuru, na usimpe mtoto.

Mtoto akipata penta, huenda jioni akapata homa na paja likavimba. Chanjo yetu ya kifaduro imetengenezwa kwa kijidudu kizima kilichouawa, ndiyo maana mwili huichangamkia hivyo, na kinga yake hudumu zaidi kuliko ya vipande. Homa ikimsumbua, mpe parasetamoli ya watoto kwa kipimo ulichoandikiwa kliniki, weka kitambaa cha maji baridi juu ya uvimbe, na paja lisikandwe wala kusuguliwa. Akilia mfululizo zaidi ya saa tatu, akipata degedege au akilegea, mrudishe. Vinginevyo, homa ya siku moja isiwafanye mkaogopa ya wiki ya 10 na ya 14. Chanjo hiyo ilipatikana kwa jasho. Walioifanyia kazi zaidi miaka ya 1930 ni wanawake wawili wa mji wa Grand Rapids huko Marekani, Pearl Kendrick na Grace Eldering, ambao wote wawili waliugua kifaduro utotoni. Wakimaliza kazi ya mchana walizunguka usiku nyumba za maskini, wakiwakohoza watoto juu ya visahani ili wapate vijidudu vya kuchunguza. Huwa nawakumbuka nikiona mama ameficha kadi ya kliniki kwa sababu ya homa ya usiku mmoja.

Sasa la mwisho, baba, nawe ndiye nakukabidhi, kwa kuwa mama mzazi amechoka na usiku anasinzia. Mtoto wa umri huo akiacha kunyonya, akitapika kila baada ya kukohoa, akisimama pumzi hata kwa muda mfupi, au midomo na ulimi vikigeuka bluu, msingoje kukuche na msimpe dawa yoyote iliyobaki ndani. Ondokeni muda huohuo kwenda hospitali yenye oksijeni, hata kama akifika atakuwa amepata rangi yake na anaonekana mzima. Mkifika, mwambieni mhudumu maneno mawili: "aliacha kupumua", na "nyumbani kuna mtu anakohoa tangu tarehe fulani." Tarehe hiyo iandike leo nyuma ya kadi ya kliniki, usije ukaitafuta kichwani saa nane ya usiku.